Baridi ndiyo inayokula

Bibi amesharudi Bahi, lakini maneno yake kayaacha hapa kwangu. Nayasikia kazini nikipanga kadi za mchango, nayasikia nikipiga mswaki. Wiki yenyewe imekuwa na mambo makubwa: mdogo wangu amepanda SGR kwenda Dar kuanza ile kazi, bosi ametangaza kwamba steshenari inahamia upande wa Nane Nane, na sendofu ya binti wa Mama Mkubwa imepita salama. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nataka kuandika yale maneno tu, labda yatatulia.

Mnaonifuata mnajua niko kwenye seti ya kadi za majira ya baridi. Kikundi chetu cha Jumapili cha mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering tulikubaliana kila mtu achore viumbe wake, tuvichezee wenyewe, hakuna kuuza, na mimi theluji niliiomba kabla mwingine hajafungua mdomo. Kwangu ni uhondo. Usiku nyumba ikitulia ndiyo saa yangu, na huu mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukipiga bati na kupitisha vumbi chini ya mlango, mkono wenyewe unachora vizuri zaidi. Digrii 13 au 14 si baridi ya kumtisha mtu wa Makete, ila sisi huku tunatoa makoti.

Bibi alikuja kwa ajili ya macho. Siku ile alikuwa ametoka kuwekewa dawa, haoni sawasawa, na usingizi ukamkataa. Mimi nilikuwa mezani nakata. Nachapa kwenye karatasi ngumu ileile ya kadi za harusi, nakata milimita 63 kwa 88, naingiza kwenye kifuko cha plastiki mbele ya kadi halisi ya kawaida, ili mchezaji akichanganya deki asijue kwa kugusa ipi ni ya kwangu. Bibi akavuta kigoda, blanketi mabegani, akanyoosha mkono akachukua kadi ya juu. Ilikuwa Nyati wa Barafu.

Niwaeleze alivyokuwa siku hiyo. Kiumbe wa kijani, gharama mana nne (mana ndiyo ya kulipia kadi, na inatoka kwenye kadi za ardhi), nguvu mbili na uimara mbili, na kila ardhi ya theluji uliyonayo mezani inamwongezea moja na moja. Ukijipanga, zamu ya sita ni mnyama wa kutisha. Nilimchora na manyoya yanayoburuza chini, pembe zimeganda, nyuma yake tambarare nyeupe mpaka jicho linapoishia. Ule mchoro nimeufanyia kazi kuliko yote.

Bibi aliisogeza kadi karibu na taa, akaitazama muda mrefu.

"Mume wangu, huyu anakula nini?"

"Huyu ni wa kwenye theluji, Bibi. Anakula baridi. Baridi ikizidi, na yeye ananenepa."

Hakucheka. Aliigeuza kadi, akaangalia mgongo wake, akairudisha juu ya zile nyingine na kuzisawazisha zote kwa kiganja.

"Baridi hailiwi. Baridi ndiyo inayokula."

Kisha akaomba chai.

Ni hayo tu. Nimeyarudia kichwani mpaka nimejua pumzi aliyoivuta kati ya sentensi ya kwanza na ya pili. Hakuwa ananisuta. Aliyasema kama anayemwonyesha mtoto mbuzi yupi ana mimba. Na lile "ndiyo" alilikandamiza kidogo, kwa namna ambayo wanaomjua Bibi wataisikia hata hapa.

Kilichonichoma, na kilichonifurahisha pia, ni kwamba Bibi hajawahi kuona theluji maishani mwake, na jicho lilikuwa na dawa, lakini kwenye ule weupe wote yeye alitafuta majani. Mtu aliyekulia na ng'ombe Ugogo akiletewa mnyama anaangalia mbavu, halafu anaangalia malisho. Sisi Jumapili tunapopokezana kadi mpya tunakimbilia namba za pembeni chini kulia. Katika wote walioshika Nyati wa Barafu, hakuna aliyewahi kuuliza anakula nini, na swali hilo ndilo linalomfanya awe mnyama.

Halafu kuna hili, ambalo limenifanya nisilale. Mchezo wenyewe ulikuwa unalijua jambo la Bibi tangu zamani. Richard Garfield alitoa Magic mwaka 1993. Mwaka 1995 ikaja seti ya Ice Age, ya kwanza kuwa na ardhi zenye theluji, na ndani yake mlikuwa na kanuni moja ambayo wachezaji wengi wa leo wanaikwepa: kila mwanzo wa zamu yako, kadi inazeeka, na unailipia kwa kila umri iliyonao. Kwa mfano, zamu ya kwanza mana moja, ya pili mbili, ya tatu tatu. Siku ukikosa cha kulipa, kadi inakwenda makaburini. Seti ya Coldsnap ya 2006 iliirudisha kanuni hiyohiyo, na ndiyo iliyoleta gharama zinazolipwa kwa mana ya theluji peke yake. Nilikuwa naisoma kanuni ile kama adhabu waliyobandika kwenye kadi ili zisizidi nguvu. Sasa naisoma kwa sauti ya Bibi. Kila zamu inayopita, baridi inakula zaidi ya ilivyokula zamu iliyopita. Waliotunga walikuwa wanaeleza namna majira yanavyokwenda, na walieleza vizuri sana.

Usiku uleule nikaanza kusoma juu ya wafugaji wa kaskazini. Reinidia, jamii ya kulungu wa nchi za baridi, majira hayo anafukua theluji kwa kwato mpaka afikie laikeni, utando wa kijivu unaoota chini; hata miamba yetu hapa ina utando wa jamii hiyo. Theluji laini haimshindi kirahisi. Kinachomshinda ni mvua. Mvua ikinyesha juu ya theluji halafu ikaganda, chini panafungwa na kifuniko cha barafu ambacho kwato hazikivunji, na mnyama anakufa njaa akiwa amesimama juu ya chakula. Novemba 2013 ilitokea hivyo kwenye rasi ya Yamal, Siberia. Reinidia 61,000 wa Wanenets, wafugaji wa kule, wakafa njaa. Nilisoma namba hiyo nikaifunga simu, nikaenda kumpelekea Bibi chai yake.

Nikamweleza. Ng'ombe wa kule, mvua ya kule, barafu iliyofunga malisho. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi. Nilidhani atauliza theluji inafananaje. Yeye akauliza wenyewe walikula nini baadaye.

Sikuwa na jibu. Akaanza kunisimulia Mtunya.

Nyumbani tumekua tukilisikia jina hilo kwa mbali, kama la ndugu aliyekufa zamani. Ni njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na baada ya hapo mvua nayo ikakataa. Mama yake Bibi alikuwa msichana mdogo. Bibi alinisimulia alivyosimuliwa, bila kupandisha sauti: vilindo vya nafaka vilivyobaki vitupu ndani ya tembe, mizizi waliyochimba porini, watoto waliopelekwa kwa watu wasiojulikana ili mradi wapate kula. Kuna mengine alisema ambayo siyaandiki hapa, ni ya kwetu.

Nilikuwa nimeanza usiku ule kwa furaha, kichwani nimeshashika kanuni mpya. Bibi alipomaliza sikuweza kukata kadi nyingine. Nilikaa na mkasi nikijiuliza kama njaa inafaa kuwekwa mezani Jumapili, katikati ya soda na karanga. Nimelifikiria wiki nzima, na nilipofikia ni hapa: baridi ya reinidia nitaiweka, kwa sababu bila hiyo ninachora mapambo tu. Mtunya siiweki kwenye kadi yoyote, wala jina lake, wala mchoro wake. Yule mwenzetu wa UDOM anasema ingekuwa seti yenye nguvu. Anaweza kuwa sahihi. Siiweki.

Nyati sasa yuko hivi. Gharama imeshuka hadi mana tatu, na ameingia mkubwa tangu mwanzo, nguvu tano na uimara tano, kwa sababu mnyama anayeingia baridini anaingia na mafuta ya kiangazi. Kila mwanzo wa zamu yako unamwekea kisoda kimoja mgongoni, kisha unalipa mana moja kwa kila kisoda. Halafu nikampa kwato: ukitaka, badala ya kushambulia, mnyama anafukua. Unafunua kadi ya juu ya deki yako, ikiwa ni ardhi isiyo na theluji unaondoa kisoda kimoja. Na mchoro nimeurudia sehemu ya chini, penye kwato nimechimba shimo dogo na ndani yake nimeweka utando wa kijivu. Ukiwa huna haraka utauona.

Kadi ya pili iliyozaliwa humo inaitwa Mvua Juu ya Theluji. Ni uchawi wa buluu, gharama ndogo, kazi yake moja: mpaka zamu yako ijayo, hakuna kiumbe anayefukua. Basi. Haimchomi mtu wala haiui chochote kwa mkono wake. Jumapili ilipochezwa mara ya kwanza, meza ilinyamaza, kwa sababu jamaa alikuwa na Nyati wawili wenye visoda vitatu kila mmoja na ardhi tano tu, na kila aliyekuwa pale alijua hesabu haitoshi. Akalazimika kuchagua yupi amlishe. Nimecheza mchezo huu miaka mingi na sijawahi kumwona mtu akiomboleza kadi yake kwa namna ile.

Wapo waliopinga. Kaka yetu mkubwa wa kikundi anashikilia kwamba hakuna atakayeweka kwenye deki kadi inayomla mwenyewe, na kwamba watu wanataka viumbe wanaokua. Namwelewa. Ila kukua bila kula kumeanza kuniudhi hata kwenye kadi za watu wengine.

Nimelipitisha swali la Bibi kwenye seti nzima, kiumbe kwa kiumbe. Lobelia wa Kibo amepita bila kuguswa. Ule mmea mrefu wa Kilimanjaro huota mahali ambapo mchana ni jua kali na usiku ni barafu, kila siku ya mwaka. Jioni hukunja majani kuzunguka chipukizi, na maji yaliyokaa ndani ya majani yakiganda juu yanakinga joto la chini. Nilikuwa nimeshamweka kama ukuta unaofunga kila zamu ya adui na kufunguka kwenye zamu yako. Chura wa misitu ya Alaska na Kanada naye kapita. Huyu huganda kweli, moyo husimama, sukari inayotoka kwenye ini hulinda chembe za mwili, na joto likirudi moyo unaanza upya. Hali chochote, anangoja. Bibi nilipomweleza huyo alisema anamjua, anakaa matopeni Bahi mpaka mvua ya kwanza. Sikubisha. Kwa kazi ya kadi, ni ndugu.

Aliyenisumbua ni Dubu Mweupe. Huyu barafu inamlisha. Anawinda sili, mnyama wa baharini, akiwa juu ya barafu ya bahari, na kiangazi ikiyeyuka ndipo anapofunga. Kwa hiyo ile kanuni ya kwanza, ya kuongezeka kwa kila ardhi ya theluji, nimemhamishia yeye, na hapo imekaa mahali pake kabisa. Nilifurahi kiasi kwamba leo jioni nilimpigia Bibi. Alipokea baada ya simu kuita sana, nyuma yake kuku na mtoto analia. Nikamwambia, Bibi, nimempata mmoja anayekula baridi. Nikamweleza barafu, bahari, sili, mafuta ya sili.

Akakaa kimya kidogo.

"Basi huyo anakula sili," akasema. "Macho yangu yanaendelea vizuri. Wasalimie."

Nimecheka peke yangu kama dakika nzima. Nimeandika maneno hayo kwa penseli nyuma ya kadi ya Dubu, chini ya plastiki, ambako wachezaji wengine hawatayaona.

Nilipokata simu nikakuta mwenye nyumba alikuwa amenitafuta. Nimempigia, anasema Jumamosi atakuja na anaomba nisitoke. Nimemuuliza kuna nini, akasema tutaongea. Kodi nimelipa mpaka Desemba na risiti ninayo. Lakini jirani wa chumba cha mbele aliitwa hivihivi mwezi uliopita, akapandishiwa, na tangu ofisi za serikali zihamie huku vyumba vya bei yetu upande huu havipatikani. Mdogo wangu ndiye tuliyekuwa tunagawana naye kodi. Nimemtumia ujumbe aniambie mshahara wa kwanza unaingia lini, bado hajajibu.