Tamtaaka

"Kijana, hii tamtaaka ni kitu gani?"

Nilikuwa nimeinama chini ya kaunta nikitafuta pini za stepula. Nikadhani Mwenyekiti ananitania, maana asubuhi alikuwa mtu wa utani. Nikainuka. Miwani ilikuwa imemshukia kwenye ncha ya pua, na kidole kimekandamiza mstari mmoja kwenye karatasi kana kwamba akikiondoa neno litatoroka. Nikasoma: "Wakazi wanaomtaaa kulipa ada ya tamtaaka watachukuliwa hatua kwa mujibu wa mmtaaba."

Nikarudia kusoma. Magoti yakalegea.

Ulikuwa mwaka 2006, mwaka wa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimekataa, maji ya bwawa la umeme la Mtera yameshuka, na Dar nzima tunaishi kwa kuuliza "kwenu unarudi saa ngapi?" Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri majibu, na dada mmoja mwenye steshenari pale Mwenge alikuwa amenichukua nimsaidie. Kompyuta mbili za chogo, printa moja, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikimeza karatasi ikijisikia. Kuchapa ukurasa shilingi 500. Nilikuwa nachapa kwa vidole viwili, lakini kwa kasi, na katika wiki ya tatu nilishajiita fundi. Nilijua kuboldi, nilijua kuweka maandishi katikati, nilijua kupinda WordArt, yale maandishi ya mapambo, kama upinde wa mvua. Nani angeniambia nini?

Mwenyekiti alikuwa mzee wa kikundi cha mazingira. Hatukuwahi kumwita jina lingine. Alituletea kaunta buku nzima iliyojaa mwandiko wa kulala, mpango wa kuzoa takataka katika kata yao, nikauchapa kurasa 58 kwa siku nne za umeme wa kuvizia. Nikamtengenezea na jalada la WordArt, rangi ya bluu inayofifia kuwa kijani. Alilipenda kuliko mpango wenyewe.

Jumatano akarudi. Huko anakoupeleka wamemwambia kata ni kubwa mno, waanze na mtaa mmoja. "Badilisha tu, mwanangu. Kila penye kata, weka mtaa. Ijumaa saa nne nakabidhi." Nikakuna kichwa, nikamwambia hiyo ni kazi ya usiku kucha, shilingi 5,000. Moyoni nilikuwa nacheka, kwa sababu siku mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimegundua Ctrl+H, ile ya kubadilisha neno kila lilipo kwa mkupuo.

Umeme ukarudi saa mbili usiku. Nikafungua faili, nikabonyeza, kikaja kidirisha chenye visanduku viwili. Cha juu nikaandika kata. Cha chini, mtaa. Replace All. Mashine haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Ikaniletea ujumbe kwamba imebadilisha mahali 312. Nikaona raha. Leo najiuliza nilikuwa na akili gani: mpango wa kurasa 58 unaitaja kata mara 312 kwa lipi? Hapo hapo ningeshtuka. Sikushtuka. Nikasevu, nikafunga, nikaprinti nakala tatu, nikazibaindi kwa spairo nyeusi, nikaenda kula chipsi za mlango wa pili kwa sehemu ya ile 5,000 ambayo sikuwa nimelipwa bado.

Alhamisi asubuhi ndiyo hiyo ya kidole.

Mashine ilifanya nilichoiambia. Haikutafuta neno kata, ilitafuta herufi nne, k-a-t-a, popote zilipojificha. Na Kiswahili kimezificha kila mahali. Zimo katikati ya takataka. Zimo ndani ya mkataba. Zimo ndani ya kukataa, kukatazwa, ukataji. Mpango unaohusu takataka, wenye sura nzima ya mkataba na wazoaji, na sura nyingine ya watu wanaokataa kulipa! Sidhani kama ningeweza kuchagua andiko baya zaidi la kujaribia. Penye "katani" tu ndipo ilipopatia, ikaweka "mtaani" safi kabisa, kama vile inanidhihaki.

Na hakuna kilichoonyesha. Kata ina herufi nne, mtaa una herufi nne. Aya hazikusogea, vichwa vya habari havikuhama. Ile mistari myekundu ya mawimbi nayo nilikuwa nimeizima tangu wiki ya kwanza. Kompyuta ile haikujua Kiswahili. Ukiandika "maji" inapiga mstari, ukiandika "mwenyekiti" inapiga mstari, ukurasa mzima unakuwa kama umechanjwa. Kwake yeye takataka na tamtaaka zilikuwa ndugu wa baba mmoja, zote makosa. Kwa hiyo hata ningeiacha iwake isingenisaidia kitu.

Jalada peke yake ndilo lililosalia na usahihi wa zamani. WordArt ya siku zile haikuguswa na Replace. Nje pameandikwa TAKATAKA KATIKA KATA, kwa bluu inayofifia kuwa kijani, na ndani ni tamtaaka katika mtaa.

Dada alitoka nyuma aliposikia kimya. Alisoma nusu ukurasa, akaniangalia, akauliza, "Ulisevu kwa jina lile lile?"

"Ndiyo, Dada."

"Na ukafunga?"

"Ndiyo."

"Basi hakuna cha kurudi nyuma kwa Ctrl+Z hapo." Hakugomba. Ningependa angegomba. Akamgeukia Mwenyekiti, akamwekea kiti, akaagiza chai, akamwambia kesho saa mbili utakuta tayari, shikamoo baba yangu, tusamehe. Mzee akakunywa ile chai huku anaendelea kusoma, na kila baada ya kurasa mbili tatu mabega yanamtikisika. Alipofika penye "umtaaji wa miti hovyo" akaivua miwani kabisa akafuta macho.

Umeme haukuwepo mchana kutwa. Tukakaa mlangoni penye mwanga, Dada na mimi, kila mmoja na nakala yake iliyoharibika na peni nyekundu, makonda wa daladala za Posta wanatupigia kelele masikioni. Hapo ndipo nilipoona balaa la pili, ambalo hata kama Replace ingekuwa na adabu lingekuwepo pale pale. "Mtaa hii ina wakazi wengi." "Mtaa yetu haina dampo." "Mtaa zote za jirani." Kata ni ngeli ya I-ZI, mtaa ni ya U-I, na nilipobadilisha jina, mkia wake wote wa hii, yetu, ina, zote ukabaki nyuma ukimlilia marehemu. Mimi niliyepata B ya Kiswahili kidato cha nne.

"Kuna sentensi," Dada akasema bila kuinua kichwa, "jina liko mwanzo wa mstari na kitenzi kiko mstari wa tatu. Hizo hakuna kitufe. Hizo ni macho."

Saa mbili na robo usiku taa zikawaka, mtaa mzima ukashangilia kama kawaida ya mwaka ule. Dada akavuta stuli kando yangu. Tulianza na yale madudu, kwa sababu yalikuwa hayana mwenzake: tamtaaka ikarudi takataka, mmtaaba ukarudi mkataba, mimtaaba ikarudi mikataba, na "mtaaa" wenye a tatu ukarudi "kataa". Hayo ungeweza kubadilisha yote kwa mkupuo bila kuumiza mtu, hakuna neno la Kiswahili linalofanana nayo. Kisha akanionyesha kitufe cha More, kidirisha kikajifungua chini, kikatoa kisanduku kidogo cha kuweka tiki: neno zima tu. Kilikuwepo pale tangu mwanzo. Tiki moja, sekunde moja. Nikakitazama kwa chuki.

Upatanisho tukaufanya kwa mkono, anasoma yeye kwenye karatasi, nachapa mimi. Na huko nikaumbuka kwa mara nyingine. Kila nilipoongeza au kupunguza neno, kichwa cha sura kilikuwa kinateleza chini ya ukurasa. Dada akanyoosha mkono akabonyeza ile alama ya P iliyogeuzwa mgongo, na siri zangu zote zikatoka nje: nukta, nukta, nukta, mahali nilipojaza nafasi kwa spesi, na ngazi ndefu za P zilizogeuka, kumi na saba mfululizo, mahali nilipopiga Enta mpaka ukurasa wa pili.

"Hivi ndivyo unavyofunga ukurasa?"

Nikanyamaza.

"Ctrl na Enta, mdogo wangu. Mara moja." Akafuta zile kumi na saba mwenyewe, polepole, moja baada ya nyingine, nadhani ili nione.

Yaliyomo nilikuwa nimeyapiga nukta kwa mkono pia, na namba za kurasa kwa kukisia. Hilo alilipita bila neno. Ilikuwa saa nane.

Jalada nililibadilisha saa kumi na moja alfajiri, adhana ikitoka upande wa pili wa barabara. Nikaacha rangi zile zile.

Mwenyekiti alifika saa mbili kamili, akalipa 5,000 yote ingawa Dada aliikataa mara mbili, akaomba na zile nakala tatu mbovu. "Hizi za nyumbani," akasema.

Ilipita kama miezi miwili sikumwona. Siku moja akaingia na kaunta buku nyingine kwapani, nikamwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kiti kile kile. "Ukurasa wa 37," akaniambia. "Mstari wa mwisho."

Faili bado lilikuwepo. Nikafungua, nikashuka mpaka 37. "Umtaaji wa miti hovyo." Tuliiruka wote wawili, usiku ule.

"Samahani sana, mzee wangu. Wamesemaje?"

"Wamepitisha." Akacheka kidogo, puani. "Hakuna aliyefika ukurasa wa 37." Akaisukuma ile kaunta buku mpya mbele yangu juu ya kaunta. "Hii ni ya visima. Chapa kama ilivyo."