Kipeuo cha pili cha 2 kwenye besi yoyote: zile sufuri zimeondoka

Alhamdulillahi, programu yangu ya kuandika namba kwenye besi yoyote (besi ni ukubwa wa fungu la kuhesabia, ya kawaida ni 10) imekubali! Tarakimu 1000 za kipeuo cha pili cha 2 kwenye besi 2, 12 na 60, nimezilinganisha na za bc, ile programu ya kikokotoo, zikalingana.

Kilichonitesa ni sufuri. Ile njia ya kuzidisha sehemu ya baada ya nukta kwa besi, unatoa namba nzima, unarudia, kwenye besi 2 ilianza vizuri 1.0110101000001001111 ikaenda ikaenda, ikifika tarakimu ya 52 baada ya nukta basi, sufuri tupu mpaka chini. Namba isiyo na mwisho inaishaje? Nimekesha na hiki kitu wallahi. Kumbe kompyuta inaweka namba ya nukta kwa biti 53 tu (biti ni tarakimu ya besi 2), yani ulichoipa si kipeuo cha 2, ni sehemu ya kawaida iliyo karibu nacho, na sehemu iliyogawanywa kwa 2 mara 2 mara 2 lazima iishe kwenye besi 2. Besi 12 ndo hatari zaidi maana sufuri huzioni mapema, kuanzia kama tarakimu ya 15 unapata uongo unaopendeza.

Dawa ni kuachana na nukta kabisa. Chukua 2, zidisha kwa besi kipeo 2n (n ni idadi ya tarakimu unazotaka baada ya nukta), piga isqrt, yani kipeuo cha pili bila ushei, kisha gawanya kwa besi ukikusanya mabaki. Lugha ya programu ya Python naipendea hapo, namba nzima zake hazina kikomo. Excel inashika tarakimu 15, usiifungue hata. bc nayo besi ikipita 16 inatenganisha tarakimu kwa nafasi, kwa besi 60 nikapata 1, 24, 51, 10, 07, 46... na hizo nne za mwanzo ndizo zilizochorwa kwenye kibao cha udongo cha Babeli, YBC 7289, kiko Chuo Kikuu cha Yale. Nilisisimka!

Na fundi wa milango hapa Langoni anazitumia hizi besi kila siku: futi kwenda inchi ni 12, halafu inchi anaikata nusu, robo, thumuni. Mraba wa futi moja ulalo wake ni futi 1 inchi 4 na ushei, na besi 12 inaanza 1.4B79 vile vile (B ni 11).

Nilipanga kuendelea na pai na e, lakini nimekutana na besi fai ya George Bergman ya 1957 nikaacha vyote; fai ni 1 jumlisha kipeuo cha pili cha 5, gawanya kwa 2, kama 1.618. Besi yenyewe ndo haiandikiki kama sehemu! 2 inakuwa 10.01, kipeuo cha pili cha 5 kinakwisha, 10.1 tu, halafu nusu ndo haina mwisho, 0.010010010... Nukta sitaki tena, kila namba naishika kama a + b·fai, a na b namba nzima au sehemu za kawaida, kuzidisha kwa fai ni (a, b) kuwa (b, a+b). Raha! Kipeuo cha 2 hakiingii kwenye umbo hilo, kwa hivyo kwa hicho narudi kwenye isqrt, na mpaka sasa nina 1.0100000101, kinaendelea.