Matone ya mama baada ya operesheni, na majirani walioning'ang'ania kichupa

Naandika haya kwa sababu nimechoka na watu wa "mpe tu, dawa ya macho ni dawa ya macho". Mama alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na operesheni yenyewe wala haikuchukua muda, kazi kubwa ikaja kuwa yetu huku nyumbani Tandahimba. Alipewa kichupa kimoja chenye dawa mbili ndani, neomisini ya kuzuia bakteria na deksamethasoni ambayo ni steroidi, hiyo ya kutuliza uvimbe. Bei sikumbuki vizuri, elfu kadhaa tu, nauli ndo ilituumiza. Nesi akatupangia: mara 4 kwa siku wiki ya kwanza, halafu 3, halafu 2, halafu 1, na msiache ghafla uvimbe utarudi.

Sasa kulitia hilo tone, jamani. Mama nimemkalisha barazani kichwa nyuma, akiona tu ncha ya chupa inashuka anafumba macho mpaka uso mzima unakunjamana. Tone la kwanza kwenye nyusi, la pili shavuni, lingine likaingia sikioni kabisa, mama ananiuliza mwanangu unanitibu au unanipaka mafuta? Kaka yangu akaja na akili zake eti tumshike, yeye avute kope la juu na mimi la chini. Jicho limetoka kukatwa juzi unataka kulivuta! Nikamwambia bro kaendelee na chai yako.

Dawa ilikuja kuwa hii: mama analala chali bila mto, anafumba macho mwenyewe kwa raha zake, mimi natia tone kwenye ile kona ya ndani karibu na pua, halafu namwambia mama fumbua taratibu. Linajiingiza lenyewe! Yeye haoni kitu kinamjia usoni kwa hiyo hana cha kuogopa. Toka hapo halikupotea tone, nikawa najiita daktari bingwa. Kichupa unakitikisa kwanza maana dawa inatuama chini, na ncha isiguse kope wala kidole. Akaanza tena kulalamika uchungu kooni, kumbe jicho lina mfereji unaoshukia puani. Ukibonyeza taratibu pale kona ya ndani kwenye mfupa wa pua, sio kwenye jicho lenyewe, kama dakika moja au mbili hivi, dawa inabaki inapotakiwa na uchungu hausikiki.

Saa mama haioni lakini adhana anaisikia, basi tukapanga alfajiri, adhuhuri, alasiri na isha. Wiki ya pili tukaitoa alasiri, ya tatu zikabaki alfajiri na isha, ya mwisho isha peke yake. Shangazi akawa anasema jicho limeshakuwa jeupe mnaendelea kuweka nini. Shangazi nampenda ila hapo nilimjibu shikamoo tu nikaendelea na kazi.

Balaa likawa majirani. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kila anayetoka shamba macho mekundu, na wote wameshasikia kwa fulani kuna dawa nzuri. Nigawie tone moja tu. Nikakataa, nikaitwa mchoyo, sawa. Vumbi la salfa likiingia unaosha kwa maji safi mengi, na likiendelea kuuma unaenda hospitali. Steroidi ni mjanja, inaondoa wekundu na maumivu haraka sana, wewe unajiona umepona, kumbe ulichomwa na kijiti huko shamba na fangasi anakula kioo cha jicho taratibu, au ni kirusi cha hepesi, na hiyo dawa ndo imeilaza kinga ya mwili inayopambana nao. Unaenda hospitali kovu limeshakaa.

Kuna mwingine yeye ananunua mwenyewe dukani, kila macho yakiwasha anaweka, mwezi unaingia mwezi unatoka. Nikamweleza inapandisha presha ya jicho, na hiyo haiumi, inakula uoni kidogokidogo na ulioenda haurudi, watu wanapimwa kwa mashine ndo inajulikana. Alicheka. Nikamwambia na ukiitumia muda mrefu inaleta mtoto wa jicho, huyohuyo aliyempeleka mama yangu kwenye kisu. Hapo akanyamaza kidogo, sijui kama ameacha.

Kilichobaki kwenye kichupa nilimwaga chooni na chupa juu, maana kikishafunguliwa ni wiki 4 tu, kikikaa wadudu wanazaliana humo. Mama alinung'unika kwamba kuna jicho la kushoto bado. Hilo litafanyiwa tukishauza korosho, na litapewa kichupa chake.