Ngozi iliyopigwa na baridi ya Mbeya

Juni niliunda kwa akili unde picha ya mama mkulima wa viazi wa milima ya Uporoto, Mbeya, ya bango la kikundi chetu. Kitenge kilikaa vizuri, shamba lilivutia. Nikamwonyesha mama mkubwa. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, huyu baridi ya huku haijamgusa." Kweli, uso uling'aa kama beseni la plastiki.

Kwanza, kwenye maelezo ninayoiandikia akili unde, niliongeza "ngozi halisi" na "ubora wa juu". Haikusaidia. Nikagundua tatizo ni maneno yangu mengine: "mrembo", "uso usio na doa". Maneno hayo huvuta picha za matangazo ya vipodozi, ambazo zenyewe zimeshalainishwa. Nikayafuta, nikaandika ninachokiona asubuhi hapa Mbeya: midomo iliyokauka, mashavu yaliyopauka, mikunjo pembeni mwa macho, kovu dogo kidevuni, nywele laini za malaika kwenye taya, mwanga wa dirishani ukitoka upande mmoja. Usiuache huo mwanga. Ukipiga usoni moja kwa moja, vinyweleo hupotea. Ukitoka ubavuni, kila kimoja hupata kivuli chake.

Natumia FLUX.1 dev, modeli ya kuunda picha iliyotoka 2024. Ina kipimo kinachoamua maelezo yashikwe kwa ukali gani, na kwa kawaida huwekwa 3.5. Nilipokishusha hadi 2.2, ule mng'ao wa nta ukapungua. Chini ya hapo vidole vilianza kuharibika, nikaishia hapo.

Lakini kilichonitoa hasa ni kuukuza uso. Modeli hii hufanya kazi kwenye picha iliyobanwa: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 unakuwa chembe moja. Kwenye picha yangu uso ulikuwa na upana wa pikseli 150 tu, yaani chembe zisizofika 20. Vinyweleo vingekaa wapi? Nikaukata uso, nikaukuza hadi pikseli 1024, nikaupitisha tena kwenye modeli kwa nguvu ya mabadiliko ya 0.3 (1 ni kuuchora upya kabisa), kisha nikaupunguza na kuurudisha mahali pake. Nilijaribu pia 0.5, akatokea mtu mwingine kabisa.

Mng'ao wa mafuta nao niliurekebisha kwa mkono. Kwenye ngozi nyeusi modeli huumwaga uso mzima, wakati kwa mtu wa kweli hukaa kwenye paji, pua na juu ya shavu.

Picha ya pili mama mkubwa aliishika muda mrefu. Akaniuliza kwa nini mama wa watu hajapaka mafuta.