Daftari safi la mtoto asiyejua kusoma

Daftari lake lilikuwa safi kuliko yote darasani. Tarehe imepigiwa mstari kwa rula, herufi zimekaa sawasawa, hakuna hata doa la wino. Tangu Januari nilikuwa nalisahihisha, naweka vema, naandika "Hongera". Siku moja mwezi wa Machi nilikaa naye dawatini nikisubiri wenzake wamalize kunakili, nikamwambia, "Hebu nisomee hapa ulipoandika." Akainamisha kichwa. Nikaweka kidole kwenye neno "mvua". Akatamka "m", akanyamaza. Machozi yakamlengalenga, na mimi ndipo nikaelewa kwamba kwa miezi yote ile mtoto huyu alikuwa anachora ubao.

Nafundisha darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali, kijijini mkoani Mwanza. Siku ile sikulala vizuri. Vema zote zile nilikuwa nimeziweka mimi.

Nikaamua kuwapima wote, mmoja mmoja, saa ya mapumziko, nje, mbali na masikio ya wenzao. Nilifuata ngazi zilezile ambazo watafiti wa Uwezo wamekuwa wakizitumia kuwapima watoto majumbani: silabi, maneno, aya, halafu hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ilinichukua wiki mbili. Kati ya watoto 74, watoto 26 walikwama kabla ya kufika kwenye aya. Hawa ni watoto wa darasa la nne, wenye upimaji wa taifa mwisho wa mwaka!

Sikuona sababu ya kuwalaumu walimu wa madarasa ya chini. Michango ya lazima ilipofutwa mwaka 2016 watoto walikuja kwa wingi, na ni heri walikuja, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tangu 2015, ila ukiwa na watoto mia moja mbele yako, silabi zinageuka wimbo. Darasa zima linaimba "ba, be, bi, bo, bu", na asiyejua anajificha ndani ya sauti za wenzake. Nilimwonyesha mtoto mmoja silabi "bo" ikiwa peke yake. Akaanza kuimba tangu "ba" mpaka akaifikia. Alijua wimbo tu.

Kwa hiyo nilianza kwa kuvunja wimbo. Niliomba visoda kwenye maduka ya senta, nikaandika silabi moja moja kwa maka peni, nikavimwaga chini ya mwembe. Kila mtoto anaokota, anasoma alichookota, kisha anatafuta cha kukiunganisha nacho. Ma na ma, mama. Ka na lo? Hakuna neno, rudisha, tafuta jingine. Kiswahili kinamhurumia anayejifunza: irabu ni tano, na silabi husomeka vilevile popote utakapoikuta. Ugumu unaanzia kwenye miambatano, mb, nd, ny, kw, na hapo ndipo wengi walipoachwa.

Kwa ng' nilipata msaada nisioutegemea. Watoto hawa nyumbani wanazungumza Kisukuma, na majina yanayoanza na Ng'wa- wamezaliwa wakiyasikia. Nikaandika "ngoma" na "ng'ombe" juu na chini, nikawauliza ile alama ndogo inafanya kazi gani. Mvulana mmoja mchunga ng'ombe, ambaye hakuwa amefungua mdomo wiki nzima, akasema, "Inapeleka sauti puani." Sijawahi kusikia mwalimu akilieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye.

Muda ulikuwa shida kubwa. Mwenzangu mmoja aliniambia silabasi haitaisha. Wazazi nao walihitaji watoto mashambani na machungani. Nilikwenda kuzungumza nao kaya kwa kaya, tukakubaliana Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi. Watoto wanaochunga mifugo wangekuja alfajiri, kabla ya kengele ya mstarini. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, akishajua kusoma atanisaidia nini mimi leo?" Swali lile lilinibadilisha. Nikaacha kutegemea kitabu peke yake.

Tukaanza kusoma vitu vya nyumbani kwao. Bahasha za dawa zilizoandikwa 1x3: ni vidonge vitatu kwa mpigo, au kimoja mara tatu kwa siku? Darasa liligawanyika nusu kwa nusu, na niliogopa kweli. Tukasoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye paketi, tukasoma ujumbe wa kupokea pesa kwenye simu. Tukaigiza duka: huyu muuzaji, huyu mteja, chenji imepungua shilingi mia mbili, utasemaje? Wasichana wengi waliitikia tu na kuondoka. Tulirudia mpaka kila mmoja akaweza kusema, bila kufoka wala kuomba radhi, "Samahani, naomba uhesabu tena." Kwangu mimi hilo lina uzito sawa na kusoma aya.

Na kila kipindi mtoto mmoja alisimulia jambo la kwao, mimi naandika kama alivyosema kwenye boksi lililokatwa. Kesho yake ndiyo ilikuwa hadithi ya kusoma. Mtoto hachoki kusoma habari za ndama wake mwenyewe. Sheria ilikuwa moja: anayekosea hachekwi. Aliyecheka alikaa karibu na aliyekosea na kumsaidia mpaka aweze.

Kufikia Oktoba, 19 kati ya wale 26 walisoma hadithi nzima. Wanne walifika kwenye aya. Watatu bado, na mmoja wao naamini haoni vizuri. Nimewaambia wazazi wampeleke akapimwe macho, na ninaendelea kuwakumbusha.

Yule binti wa daftari safi bado anajikwaa kwenye maneno marefu. Wiki iliyopita alinifuata mlangoni mwa ofisi ya walimu ameshika daftari kwa mikono miwili. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Akanionyesha jalada, nilipoandika jina lake mimi mwenyewe mwezi wa Januari. Akaweka kidole kwenye jina la baba yake. "Mwalimu, hapa hukuweka kile kialama. Sisi ni Ng'wa, siyo Ngwa."

Nikampa kalamu, akakiweka mwenyewe.