Prince of Persia na yule jamaa wa kwenye kioo

Watu wa rika langu ukiwauliza gemu ya zamani ya kuruka ruka watakwambia Mario, na mimi sina ugomvi na Mario, lakini gemu yangu ni Prince of Persia, ile ya kwanza kabisa, sisi tukiicheza kwenye DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani, kijana kavaa nguo nyeupe anaangushwa gerezani na geti linafungwa nyuma yake. Huku Mombasa sisi tuliipata kwa disketi, mtu anamkopia mtu, kwenye zile kompyuta za mitumba ambazo sauti yake ni spika ya ndani tu, ti ti ti, na bado tulikuwa tunajaa chumba kizima mmoja anacheza na kumi wanamuelekeza.

Hadithi yake mtoto wa Kibokoni wala hahitaji kuelezwa. Sultani kaenda vitani, waziri wake Jaffar anataka kiti, kamfungia binti wa sultani na kampa saa moja, akubali kuolewa ama afe. Ngano za bibi hizo jamani! Shida ilikuwa hilo jina, manake mtaani kina Jaffar ni wengi, na msimu ule kila Jaffar akipita alikuwa anachomwa upanga wa mkono na watoto, mpaka wengine wakawa wanazungukia njia ya nyuma. Na ukitembea Fort Jesus unaona kabisa ile gemu, kuta zile, giza lile, tena ngome yenyewe ilishawahi kuwa jela kweli, Waingereza waliifanya gereza hadi 1958.

Sasa aliyeitengeneza ni Mmarekani, Jordan Mechner. Akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Yale alishatoa gemu ya Karateka, 1984, ikauza vizuri. Prince of Persia aliianza 1985 na ikatoka 1989, kwa kompyuta ya Apple II, kampuni ikiwa Broderbund. Karibu kazi yote alifanya peke yake, muziki akamuachia babake, Francis. Na ile mikimbio ya yule kijana, ambayo hata leo ukiiona unasema huyu ni mtu, ni mtu kweli! Alimchukua mdogo wake, David, akamvalisha nguo nyeupe akampiga video kwenye uwanja wa kuegesha magari, akikimbia, akiruka, akiparamia ukuta. Kisha akawa anasimamisha video fremu moja moja, anaipiga picha skrini ya tivii, picha zikisafishwa anachora juu yake kwa kalamu nyeusi, ndo anaingiza kwenye kompyuta. Mapigano ya panga alitoa kwa filamu ya Robin Hood ya 1938, pale Errol Flynn na Basil Rathbone wanapopigana wakionekana kwa ubavu. Kazi ya roho ngumu hiyo.

Ndo manake kijana ana uzito. Mario unambadilisha mawazo akiwa hewani, huyu ukishamrusha basi kesharuka, omba Mungu. Akianguka ghorofa moja si kitu, mbili anapoteza alama moja ya uhai, tatu kwisha habari yake. Na saa haisimami, dakika 60 ni 60, ukifa unarudi mwanzo wa leveli lakini zile dakika hazirudi. Kuna ule mlango wa vyuma vya kukatakata unafunga na kufunguka, sitauzungumzia, bado nina kinyongo nao.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni kile kivuli. Mechner mwanzo hakutaka mapigano kabisa, alitaka gemu ya kukimbia na mitego tu, na hata angetaka, memori ilishajaa, ile michoro ya David imekula yote, hakuna nafasi ya kuchora adui hata mmoja. Kuna mwenzake akiitwa Tomi Pierce akawa anamkera, gemu haina ladha, weka adui, na ndipo likaja wazo la kuchukua michoro ile ile ya kijana, kuisogeza kidogo na kuigeuza rangi kwa hesabu za kompyuta, akatokea jitu jeusi linalometameta, halina gharama yoyote ya memori. Shadow Man huyo. Baadaye akabana banana mpaka akapata nafasi ya askari pia.

Yaani umaskini wa memori ndo uliotupa adui mtamu kuliko wote. Leveli ya nne unakuta kioo kimeziba njia, huna pa kupita, unakikimbilia unakiruka unatoboa, na upande wa pili anatoka mwenzio anakimbilia kwake, wewe umebaki na uhai wa alama moja. Leveli ya tano anakunywia dawa yako ukimuona. Ya sita anakufungia geti unaporomoka. Halafu mwisho mnakutana na panga, na kila ukimchoma unaumia wewe! Hapo tulikwama sisi mpaka basi, watu wanabadilishana kiti, kila mtu na ufundi wake, kumbe dawa ni kurudisha upanga ndani. Naye anarudisha. Unamwendea, mnakuwa mtu mmoja, njia inafunguka. Waliojua tayari walikuwa wabahili wa hiyo siri, walikuwa wanacheka tu pembeni.

Marekani kule mwanzoni haikuuza, Apple II ilikuwa inakufa, ni Japani na Ulaya walioiokoa. Na msimbo wake wa asili, yale maandishi ya programu yenyewe, ulipotea miaka mingi hadi 2012 babake akakuta sanduku la disketi nyumbani, wakazitoa data, Mechner akauweka wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuweka misimbo ya programu, kila mtu asome.

Kwa hiyo kuicheza leo si shida, DOSBox inatosha, ile programu ya kuchezea gemu za DOS kwenye kompyuta za sasa. Ukichoka, wakati wa kuiwasha andika prince megahit badala ya prince peke yake, halafu Shift na L unaruka leveli, sitakuhukumu, ila usiiruke ya nne. Na Shift ukiwa kwenye gemu ndo hatua za pole pole, kijana wa dada yangu alilalamika wiki nzima eti gemu ni nzito kabla ya kukubali kuitumia.