Filamu ya Sindano

Filamu yangu ya kwanza kuonyeshwa mbele ya watu haikupita kwenye kamera yoyote. Niliichora kwa sindano juu ya mkanda mweusi wa milimita 16, nimeinamia meza ya kioo yenye taa chini yake, jicho kwenye lenzi ya kukuzia. Fremu ya mkanda huo, yaani picha moja, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kila sekunde inakula fremu 24. Unaweza kukesha ukikwaruza, na kulipokucha kazi yote ikapita kabla mtazamaji hajakaa vizuri.

Wenzetu walianza zamani. Mwaka 1923 msanii Man Ray alitawanya chumvi, pilipili na pini juu ya filamu akaimulika. Mwaka 1963 mtengeneza filamu Stan Brakhage alibandika mabawa ya nondo katikati ya tepu za gundi. Hayo niliyajua. Sauti ndiyo sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

Mkanda wenye sauti huwa na matundu ya kuuvutia upande mmoja tu. Upande wa pili kuna njia nyembamba ambayo projekta huimulika, na kila mwanga unapobadilika hapo, spika hulia. Mashine haichagui: wimbo au mkwaruzo, yenyewe inasoma tu. Mwalimu wangu, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alipita nyuma ya meza akaona nimeiacha njia ile tupu.

"Mbona unaishia njiani? Pitiliza."

Nikapitiliza, sindano ikafika ukingoni kabisa.

Jioni ya maonyesho alifunga mkanda mwenyewe, akafungua sauti mpaka mwisho. Mstari mweupe ukatokea ukutani ukitetemeka, kimya. Halafu, trrraak! Karibu niruke kitini. Kumbe kisoma sauti kiko fremu 26 baada ya dirisha la picha, kwa hiyo mkwaruzo uleule huonekana kwanza, na baada ya sekunde moja na kidogo ndipo unasikika, kama umeme na ngurumo yake. Kwenye filamu za kawaida maabara huisogeza sauti ili iende sambamba na picha. Mimi maabara yangu ilikuwa sindano. Nilipokuwa nimebananisha mistari, spika ilipiga mluzi; nilipoiachanisha, ikakoroma. Na kwa kuwa kilio cha mistari ile kiliangukia juu ya picha nyingine kabisa, jicho na sikio vikawa vinabishana muda wote.

Baadhi ya watu walitoka. Taa zilipowashwa, mzee mmoja wa safu ya nyuma akauliza, "Sasa hadithi iko wapi?" Mimi nawapenda wanaouliza hivyo kuliko wale wanaotikisa kichwa na kusema kazi inafikirisha.

"Kila ulichokisikia ulikuwa umeshakiona," mwalimu akamjibu. "Hadithi ndiyo hiyo, mzee wangu."

Mzee akaguna, akaomba irudiwe. Safari hii alihamia mbele, na kila mstari ulipotokea aliunyooshea kidole akisubiri mlio wake: "Huyo... haya, lia!" Ukilia, anacheka peke yake. Mkanda ulipoisha hakumgeukia mwalimu, alinigeukia mimi. Alitaka kujua nilitumia sindano ya mkono au ya cherehani.

"Ya cherehani," nikamwambia. "Ya mkono inateleza."